Mguu Wangu Haukuwa na Kesi

Jina langu ni Restuta. Nilizaliwa upande wa Ngara, karibu na Lukole, wakati ambapo pale hapakuwa na kambi bali pori la kuchungia na kukata kuni. Shule sikuiona. Baba alikuwa na wana wa kiume, na hao ndio walionunuliwa sare. Mimi nilipewa jembe. Nikaolewa Nyakahura na mwanamume anayeitwa Gidioni, nikaendelea kulima. Nasema haya ili anayesoma ajue kwamba watu walioniita malaya walinikuta nalima, wakaniita hivyo nikiwa nawalisha.

Miaka ile Warundi walikuwa wamejaa Lukole. Wanyarwanda walikuwa wamekwisha kurudi kwao, lakini vita vya Burundi vilikuwa bado vinaendelea, na watu waliendelea kuvuka mpaka. Mgawo wa mahindi kambini haukutosha familia, kwa hiyo wanaume walitoka kimya kimya wakatembea mpaka kwetu kutafuta kibarua. Ukimpa mtu mihogo ya kula mchana na unga wa kurudi nao kwa watoto, anakulimia kutwa nzima. Kila nyumba Nyakahura iliwatumia. Hata mama mkwe wangu, Domisiana, aliwatumia.

Gidioni alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita. Kabla ya kuondoka alimleta mfumu, ndivyo tunavyomwita mganga wa kupiga ramli, akazika dawa pale tunapoingilia uani, katikati ya minyaa ya ua. Aliizika mchana kweupe majirani wakitazama, kwa sababu dawa ya namna ile hutakiwa ijulikane. Kazi yake ni kumlinda mke wa mtu. Mwanamke akitoka nje ya ndoa kisha akaikanyaga, humkamata mguu. Ikishamkamata haimwachii mpaka ataje jina la mwanamume mbele ya ukoo.

"Sasa naondoka na moyo mweupe," Gidioni aliniambia.

"Na wewe nani atakuzikia dawa huko Geita?" nilimuuliza.

Majirani walicheka. Yeye hakucheka.

Nilibaki na binti yetu Adelfina, ambaye alikuwa ameanza kung'oa meno ya utoto. Nililima, na palipozidi nguvu zangu nilimwita Mrundi mmoja, Nzeyimana, mtu mzima mwenye mke na watoto kambini. Alikuwa analima kwa haraka huku akiimba nyimbo za kanisani. Jua likiegemea anachukua unga wake anaondoka. Hakuwahi kuingia ndani ya nyumba yangu hata mvua ilipomkuta. Alisimama chini ya mgomba.

Siku iliyoniharibia maisha ilikuwa ya kutoa mihogo majini. Wanaojua wanajua: unaimenya mihogo, unailoweka kwenye kidimbwi kando ya kijito mpaka ilainike, halafu unaitoa ukaianike. Ikitoka majini ni mizito kama udongo. Nilijaza kikapu, nikainama, nikakinyanyua peke yangu huku nimejipinda ili nikipeleke kichwani. Kitu kikaalika kiunoni. Si kwa sauti kubwa, ila nilikisikia kwa ndani. Nikakaa kidogo, nikajitwisha, nikapanda nyumbani.

Baada ya siku chache mgongo ulitulia, mguu wa kushoto ukawaka moto. Ilikuwa kama mtu ameniingiza waya wa moto kwenye tako akauvuta nyuma ya paja, nyuma ya muundi, mpaka kidole cha mwisho. Nikikaa, unawaka. Nikiinama, unawaka. Nikikohoa, unashuka wote kwa mara moja. Nilianza kula nimesimama. Nilitembea nimepinda upande mmoja kama jengo bovu.

Domisiana alinitazama siku moja nikivuka pale kwenye minyaa nikiburuta mguu. Akaweka chini ungo wake.

"Mguu upi huo?"

"Wa kushoto, mama."

"Umeanza wapi?"

"Nilinyanyua mihogo kijitoni."

"Mihogo hukamata mgongo," alisema. "Mguu unakamatwa na kitu kingine."

Jioni ile kijiji kizima kilikuwa kinajua. Mfumu aliletwa. Alinichanja chale pajani na kwenye muundi, akaniumika kwa pembe, akatoa damu nyeusi akawaonyesha watu. Kisha akasema maneno ambayo niliyashika yote, kwa sababu yalisemwa juu yangu nikiwa nimelala kifudifudi.

"Mpelekeni hata Ulaya. Sindano haitaufungua, kisu hakitaufungua. Mguu huu utafunguliwa na mdomo wake mwenyewe."

Gidioni aliitwa, akarudi. Ukoo ulikaa nyumbani kwa Aron, kaka wa baba mkwe wangu, ambaye sisi sote tulimwita baba mkubwa na ndiye aliyekuwa anaamua mambo ya ukoo. Walitaka niseme jina. Hawakuniuliza hata ni nani. Walikuwa nalo tayari.

"Ni yule Mrundi anayeimba," alisema Domisiana. "Mwanamume gani analima shamba la mtu huku anaimba?"

"Mwenye njaa," nilisema.

Gidioni alinitazama kama mtu aliyenunua ng'ombe akagundua ni kipofu. "Mama Adelfina, sema tu. Utatoa mbuzi wa kutakasa, yataisha."

"Na Nzeyimana?"

"Huyo ni kazi ya sungusungu."

Nilijua kazi ya sungusungu, walinzi wetu wa kijiji. Walikuwa wamemvunja mkono Mrundi mwingine kwa ajili ya kuku. Na ningekubali ningekuwa malaya wa Mrundi mpaka kufa kwangu, na binti yangu angeitwa binti wa malaya. Nikasema sina jina la kutaja.

Baba mkubwa Aron alitoa uamuzi. Nirudi kwetu nikafikiri. Adelfina abaki kwa bibi yake. Mvua za kwanza zikianza kunyesha nikiwa sijakiri, mtoto apelekwe Bisibo akalelewe na shangazi yake, na Gidioni awe huru kuingiza mke mwingine katika nyumba yangu. Nikikiri, au mguu ukiachia, mtoto ni wangu na nyumba ni yangu.

"Ukiachia bila kukiri?" aliuliza mzee mmoja.

Watu walicheka. Domisiana ndiye aliyecheka zaidi. "Ukiachia bila kukiri, mimi mwenyewe nitamvika mtoto nguo nimkabidhi mkononi."

Adelfina alinishika kitenge wakambandua vidole. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Nilipakiwa kwenye gari la mizigo, nikalala juu ya magunia kwa ubavu mmoja, nikafika kwa mama yangu, Ildefonsa. Alikuwa anakaa peke yake tangu baba afariki. Kutoka mlangoni kwake ungeona vilima vya Lukole vilivyonyolewa miti yote, na shitingi za plastiki za wakimbizi zimetanda mpaka macho yanachoka.

Mama alinipokea kwa kulia, halafu akafanya jambo baya kuliko yote niliyofanyiwa. Aliniambia nikiri.

"Mama, unajua sikufanya."

"Najua. Kwani nimesema ulifanya? Nimesema useme. Maneno yanapita, mtoto anabaki."

"Na yule mtu avunjwe mikono?"

"Yule si ndugu yako. Adelfina ni damu yako."

Kila asubuhi alinikandia mguu kwa maji ya moto na kila asubuhi aliniambia maneno yale yale. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Burundi.

Aliyenitoa hapo ni mwanamke aliyekuja kununua ndizi. Jina lake Josiane, mkimbizi, aliyekuwa muuguzi kwao na sasa anafanya kazi katika hospitali ya kambi. Kihangaza chetu na Kirundi chao tunasikilizana, kwa hiyo mama alizungumza naye huku akimhesabia vichane. Josiane aliniona nakula nimesimama, nimeegemea nguzo.

"Huyu hakai?"

"Hakai," mama alijibu. "Amekamatwa mguu na dawa ya mume wake."

"Mguu wa kushoto, moto kutoka takoni mpaka kidole, na akikohoa unazidi?"

Mama aliacha ndizi. "Nani amekwambia?"

"Basi hata kambini waume wengi wamezika dawa," Josiane alisema, "maana tunaye daktari anayewafungua kila wiki. Na wengine wanaofunguliwa ni wanaume."

Nilicheka mpaka moto ukanishukia mguuni. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Nyakahura.

Hospitali ilikuwa mabanda marefu ya shitingi, sakafu ya udongo uliopigwa vizuri, na ilipokea wenyeji pamoja na wakimbizi. Daktari alikuwa Mrundi, jina lake Ntakirutimana. Kazi yake kwao ilikuwa kuwachoma ganzi wagonjwa wanaopasuliwa, kwa hiyo njia za sindano mgongoni alizijua. Alikuwa mtu wa maneno machache na viatu vilivyofungwa kwa kamba ya katani.

Alinilaza chali, akanyanyua mguu mbovu ukiwa umenyooka. Haukufika mbali nikapiga kelele. Akauweka, akanyanyua ule mzima, na moto ukawaka kwenye ule mbovu.

"Hapo umeniambia," alisema.

Alinigonga nyuma ya kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu mmoja uliruka, mwingine ulikaa kimya. Halafu akaniuliza kama nikienda haja ndogo mkojo unatoka vizuri, na kama huku ninakokalia pana ganzi. Nikaona aibu, nikamtazama Josiane.

"Mjibu, dada," Josiane alisema. "Haulizi kwa mchezo."

"Kama mkojo umekataa," daktari alisema, "au huko kumekufa ganzi, sina cha kukufanyia hapa. Nitakutafutia gari leo hii uende Mwanza wakakufungue mgongo."

Nikamwambia mkojo unatoka vizuri na huko hakuna ganzi. Akashusha pumzi, nikaona kwamba kweli alikuwa na hofu.

"Basi sikia. Mguu wako hauna ugonjwa. Kilichoharibika ni mgongo."

"Mgongo hauniumi kama mguu."

"Ndivyo ugonjwa huu ulivyo." Akachukua ndizi mbivu kwenye sahani ya Josiane, akaiweka katikati ya viganja viwili, akabana. Nyama ikachomoza pembeni. "Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini. Ulinyanyua mzigo umejipinda, kikabanwa, kikatokeza. Pale kilipotokea, mshipa wa fahamu unapita kwenda mguuni. Umegandamizwa, umevimba. Wewe unasikia mguu, lakini mshipa unalilia kiunoni."

"Ndizi yangu," alisema Josiane.

"Nitakulipa kesho," daktari alijibu, naye Josiane akaniambia kwamba hiyo ndiyo ya nne.

Akaeleza njia zilizopo. Wengi hupona wenyewe wakipewa muda na dawa za kumeza, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kukaa nao muda mrefu. Kupasuliwa kupo, Mwanza, na ni kazi kubwa. Katikati ya hayo ipo sindano moja ya dawa ya kuondoa uvimbe, inayopelekwa mpaka karibu na mshipa wenyewe, bila kukata nyama.

Mama, aliyekuwa amenisindikiza, alisimama. "Sindano ya mgongo inapoozesha! Kila mtu anajua!"

"Shikamoo mama," daktari alimwambia, kwa sababu alikuwa hajamsalimu.

"Marahaba. Lakini inapoozesha."

"Kila sindano ina hatari yake, mama, sikufichi. Lakini hii siichomi kwenye uti. Naingilia chini kabisa, juu kidogo ya mfupa wa mkia. Mungu ameacha tundu dogo pale. Dawa inapanda yenyewe taratibu mpaka inapohitajika. Wengi inawasaidia. Wengine haiwasaidii, nao nawaambia ukweli."

Nikauliza lililokuwa kooni. "Lazima nitaje jina?"

"Jina lako limeandikwa kwenye cheti."

"La mwanamume."

Hakuelewa. Josiane akamweleza kwa Kirundi, haraka haraka, habari ya dawa iliyozikwa na kesi na mtoto. Daktari akakunja mikono ya shati.

"Dawa hii haina masikio," alisema. "Ukitaja, ukinyamaza, kwake ni sawa."

Nililala kifudifudi, blanketi limekunjwa chini ya nyonga. Alinipapasa juu ya makalio kwa kidole mpaka akapata alipopataka. Ngozi ikasafishwa kwa kitu cha baridi, ikachomwa ganzi kwanza. Halafu nikasikia msukumo. Haukuwa mkali. Ulikuwa mzito, ukawa unashuka polepole takoni, pajani, nyuma ya muundi, njia ile ile.

"Msukumo unakwenda wapi?" aliuliza.

"Kule kule! Umefika kidoleni!"

"Vizuri. Dawa inapita ulikopita moto."

Ilikwisha kabla mama hajamaliza tasbihi yake. Mguu ulikuwa mzito kwa ganzi, nikalazwa kwenye mkeka mpaka ulipoamka, na jioni nikatembea nyumbani bila maumivu yoyote. Mama alikuwa nyuma yangu akisema "Yesu, Maria" kila hatua.

Siku iliyofuata moto ulirudi wote. Daktari alikuwa ametuonya: ganzi ikiisha maumivu yanaweza kurudi, dawa yenyewe huchukua siku kadhaa kufanya kazi. Lakini onyo halikusaidii ukiwa umeuma shuka. Na siku zile zile alipita mtu kutoka Nyakahura akiwa na ujumbe. Shangazi Priscila wa Bisibo amekwisha kutuma habari. Anakuja kumchukua mtoto, kwa sababu wingu limekwisha kuwa jeusi.

"Sasa?" mama alisema.

Nilikaribia. Niliandaa maneno nikiwa nimelala: nitasimama hivi, nitasema Nzeyimana, nitamziba mtoto masikio. Niliyarudia mpaka yakawa laini mdomoni. Nikamtuma mama atafute gari la kwenda Nyakahura, naye akatoka hata bila kujifunga kilemba.

Moshi wa jikoni ukanipalia, nikakohoa. Nikashika nguzo, nikangoja moto ushuke. Haukushuka. Nikakohoa tena kwa makusudi, kikohozi kikubwa cha mzee mvuta tumbaku. Palikuwa na kitu kidogo, kama mtu anayegonga mlango wa mbali. Nikakaa kwenye kigoda. Nikakaa, nikaendelea kukaa, nikachambua maharage yote ya mama huku nimeketi.

Mama aliporudi na kusema gari limepatikana, la kesho yake, alinikuta nimeketi hapo.

"Mwambie dereva asingoje," nilimwambia. "Sina tena la kwenda kusema."

Nilirudi kwa daktari. Alininyanyua mguu, ukapanda mpaka nikaona vidole vyangu kama vya mtu mwingine. Alifurahi, lakini akanionya pia. Kile kitu laini kitachukua miezi kusinyaa, yeye amepoza mshipa tu ili mwili upate nafasi. Ganzi ya kidole cha mwisho inaweza kubaki. Nisinyanyue mihogo ya majini, nilimie jembe la mpini mrefu, nichuchumae badala ya kuinama, nitembee kila siku. Josiane ndiye aliyenitembeza. Tulizunguka kambi yote, yeye akinitambulisha kwa watu: "Huyu ndiye yule aliyekamatwa na mume akafunguliwa na Mrundi!" Watu wakacheka, nikacheka nao. Katika kuzunguka huko nikamwona Nzeyimana akiezeka kibanda chake. Alikuwa amesikia kesi yangu, ndiyo maana hakurudi tena Nyakahura. Alinivulia kofia. Sikumwambia jinsi nilivyokaribia.

Mvua ya kwanza ikiwa bado haijanyesha, nilikwenda Nyakahura siku ya gulio, kwa makusudi, ili barabara iwe na watu. Nilishuka garini penye wauza mbuzi, nikapita katikati ya gulio nimenyooka, kanga mbili safi, sina fimbo. Wanawake waliacha kupima dagaa. Mmoja aliita, "Mama Adelfina, umekiri?"

"Nifuate ukasikie," nilisema.

Wakanifuata. Nilipofika kwa Domisiana nilikuwa na kundi kama la msiba. Uani mtoto alikuwa amekaa juu ya kifurushi cha nguo, shangazi Priscila amesimama tayari kwa safari. Gidioni alikuwa ameegemea ukuta. Baba mkubwa Aron alikuwa amealikwa kushuhudia mtoto akiondoka.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta jina?"

"Nimeleta mguu."

Nikachuchumaa mbele yake, nikasimama. Nikachuchumaa tena. Nikakaa chini, nikanyoosha mguu wa kushoto juu mpaka wanawake wakasema "Ehee!" Kisha nikawaomba wote tuhame twende kwangu, pale kwenye minyaa. Nikavuka. Nikarudi. Nikavuka kinyumenyume. Nikasimama katikati, juu ya kile kilichozikwa, nikakanyagakanyaga kama mtu anayeshindilia sakafu mpya.

Domisiana alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Amekiri kwa padri! Amekiri kwa siri!"

"Mlisema mbele ya ukoo," nilimjibu. "Ukoo wenu huu hapa. Nani amesikia?"

Hakuna aliyesikia.

"Basi ni sindano za kambini! Dawa haijaachia, imefungwa tu!"

"Mfumu wenu alisema sindano haitaufungua, wala kisu, hata Ulaya. Kama alisema kweli, mguu umejifungua wenyewe kwa sababu sina kosa. Kama alisema uongo, alisema uongo tangu mwanzo. Chagua, mama. Mimi yote mawili yananifaa."

Baba mkubwa Aron alianza kucheka polepole, mabega kwanza. Domisiana akaona kicheko kile, akaenda akaleta kikapu cha mihogo mibichi, akakibwaga miguuni pangu.

"Kama amepona, anyanyue!"

"Sinyanyui."

"Mmeona!"

"Mguu ndio uliokuwa na kesi," nilisema. "Mgongo wangu haujashtakiwa."

Hapo watu wa gulio waliangua kicheko ambacho nadhani kilisikika barabarani. Hata Priscila wa Bisibo alifunika mdomo kwa kanga. Aron akainua fimbo yake watu wakanyamaza. Akasema mguu umeachia, mke hakutaja mtu, kwa hiyo hapakuwa na mtu. Mtoto ni wa mama yake na nyumba ni ya mama yake. Kisha akamgeukia Gidioni.

"Na wewe, fukua takataka yako. Dawa inayokamata asiye na kosa, kesho itamkamata nani?"

Gidioni akafukua kwa jembe langu, watu wote wakitazama. Alitoka na kopo lenye kutu, ndani yake mchwa na matope. Chochote kilichokuwamo, mchwa walikuwa wamekila zamani.

Domisiana alikuwa ameahidi kwa mdomo wake, na Aron hakumwachia. Alimvika Adelfina gauni la kutokea, akanikabidhi mkononi. Mtoto alinitazama miguu kwanza, halafu uso.

"Umepona, mama?"

"Nimepona."

"Kwa hiyo siendi Bisibo?"

"Huendi popote."

Nilifungua mlango wangu. Gidioni alinifuata ndani akaniambia maneno mengi mazuri. Nikamwambia kitanda cha sebuleni kinamtosha, na akiona hakimtoshi, Geita anaijua. Alikaa miezi, akaenda, akarudi, akaenda. Watu huniambia nisamehe kwa sababu nilishinda. Nilishinda, ni kweli, na hakuna siku niliyotembea vizuri kama ile ya gulio. Lakini walimbandua mtoto wangu vidole, na hilo hakuna sindano yake. Kidole changu cha mwisho kina ganzi mpaka leo. Nalimia mpini mrefu, mihogo ya majini nawaita watu wanisaidie, na haya nayasimulia humu humu ndani ya nyumba hii, Adelfina akiniandikia.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoisha, Domisiana alikuja kwangu, akasimama nje kama mgeni. Alikuwa amejishika nyonga. Alitazama huku na huku kama kuna jirani.

"Yule daktari wako wa Lukole," alisema, "anapokea na wazee?"

"Anapokea. Mguu upi, mama?"

Nilimletea kigoda, akashindwa kukikalia, akabaki ameegemea mlango. Nilimweleza banda lilipo, nikamwambia amuulizie Josiane, na aseme ukweli akiulizwa maumivu yameanza wapi. Nikamwonyesha mahali gari linaposimama.

Sikumsindikiza.